Michoro ya Ajanta na madhara ya vanishi

Mabibi na mabwana, tarehe 28 Aprili 1819 ofisa wa jeshi la Waingereza, John Smith, alikuwa akiwinda chui milia kwenye bonde la mto Waghora, magharibi mwa India. Akaingia katika pango mojawapo la Ajanta, mahekalu na makao ya watawa wa Kibudha yaliyochongwa mwambani; pango hilo leo tunaliita la 10. Akakwangua jina lake kwenye nguzo yenye michoro. Jina hilo sasa liko juu kuliko kimo cha mtu, maana siku ile alisimama juu ya kifusi. Wanakijiji wa jirani walikuwa wakiyafahamu mapango hayo. Wasiojua walikuwa Wazungu.

Mapango yako kama 30. Ya awali yalichongwa karne ya 2 na ya 1 kabla ya Kristo, mengine karne ya 5, zama za mfalme Harisena. Wachongaji walianza na dari wakashuka chini. Pango la 24, lililoachwa nusu, linaonyesha kazi ilivyokwenda.

Sasa tazameni ukuta. Mwamba uliachwa na makovu ya patasi makusudi, ili lipu ishike. Wakakandika udongo uliochanganywa na pumba za mpunga na nyuzi za mimea, juu yake udongo laini zaidi, kisha chokaa nyembamba. Rangi zilipakwa chokaa ikiwa imekwisha kukauka, zikishikwa na gundi: udongo mwekundu, wa njano na wa kijani, masizi kwa weusi, na katika awamu ya pili buluu ya lajiwardi, jiwe lililosagwa, kutoka Afghanistan. Kumbukeni hiyo gundi. Rangi haikuzama ndani ya chokaa, imekaa juu tu, kwa hiyo maji huilegeza.

Robert Gill, ofisa wa jeshi la Waingereza, alianza kunakili michoro hiyo mwaka 1844. Nakala zake nyingi ziliungua London mwaka 1866. John Griffiths, mchoraji wa Kiingereza, akarudia kazi kuanzia 1872, na nakala zake nyingi nazo zikaungua mwaka 1885. Hasara, ndiyo, lakini hizo zilikuwa nakala. Kubwa zaidi ni kwamba Griffiths aliupaka vanishi ukuta wenyewe ili rangi zing'ae. Baadaye, mwaka 1920, Nizamu, yaani mtawala, wa Hyderabad aliwaleta mafundi wawili wa Kiitalia. Walishikiza lipu iliyokuwa ikibanduka, kazi nzuri, kisha wakapaka shelaki, vanishi itokanayo na utomvu wa wadudu.

Vanishi ikizeeka hugeuka njano, halafu kahawia. Vumbi na moshi vilivyokuwa chini yake hubaki humo humo. Tena hujikunja inapokauka, ikanyanyua magamba ya rangi. Kuiondoa ni kwa pamba ndogo iliyoloweshwa kiyeyushi, kipande kidogo kidogo, baada ya kujaribu pembeni. Na shelaki kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kuyeyuka.

Halafu wapo popo na kinyesi chao, wadudu wanaotafuna pumba ndani ya lipu, na pumzi za wageni: unyevu wake huufanya udongo uvimbe, ukikauka unasinyaa. Ndiyo sababu mapango yenye michoro mingi huingiwa kwa makundi, na kamera za kumulika zimepigwa marufuku.