Miche ya barazani: mazungumzo na wakulima wa bustani za mjini, Dar es Salaam

Wakubwa zangu shikamooni, na vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kusia mbegu ndani ya nyumba. Wengi wenu mmeona video za Ulaya: trei dirishani, taa juu yake, kalenda ukutani. Wenzetu wale wanakimbia baridi. Usiku mmoja wa jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, unatosha kuua nyanya, basi wanasia ndani wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi ya mwisho, kisha wanatoa miche nje kukipata joto.

Sisi Dar jalidi tutaitoa wapi? Tunachokimbia ni mvua na inzi weupe. Masika inapiga Machi hadi Mei. Ukitaka kuatika nyanya mwanzoni mwa Juni, mvua zikishapungua, ni lazima usie mwanzoni mwa Mei, kwa sababu mche wa nyanya unataka kama wiki 4 kitaluni. Kitalu cha wazi mwezi huo kinasombwa na maji, na kisiposombwa kinaozeshwa na kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha miche michanga. Ndipo baraza inapokuwa na kazi.

Nasema baraza, sisemi dirisha. Huku kwetu jua la saa sita linakaa utosini, halipenyi dirishani, na mapaa yetu yametokeza, bado nondo na wavu wa mbu. Sebule unaiona ina mwanga wa kutosha. Mche unaiona giza. Utarefuka, shina jembamba, mwisho unalala. Trei ikae barazani upande wa mashariki, ipate jua la asubuhi.

Sasa inzi weupe. Hao ndio wanaoleta ugonjwa mnaouita rasta: majani yanajikunja, kingo zinakuwa njano, mmea unadumaa. Ukishaingia hauna dawa, na mche ulioupata ukiwa mchanga usitegemee mavuno kwake. Kuna mtu kaniuliza pale mlangoni kama chandarua cha zamani kitafaa. Hakifai. Mdudu huyu ana urefu wa kama milimita 1, mwili mwembamba, anapita kwenye tundu la chandarua bila kuinama. Nunueni wavu wa kitalu wenye matundu madogo kabisa, mfunike trei tangu siku mliyosia.

Udongo wa uani uacheni huko huko uani, una vimelea vya kinyausi, vile vinavyolainisha shina pale linapogusana na udongo. Pwani tuna utajiri wa makumbi ya nazi. Vumbi lake linashika maji vizuri, ila lisuuzeni kwanza kwa maji baridi mara kadhaa, maana huwa lina chumvi, kisha changanyeni na mboji iliyoiva. Mwagilieni asubuhi, na trei iwe na matundu chini.

Nyanya fukieni nusu sentimita hadi 1. Itaota siku ya 5 hadi ya 10. Hoho ni mvivu, hufika hata wiki 2, kwa hiyo msianze kuifukua kuangalia. Naona mama wa pale mbele anacheka, anajijua.

Saladi ndiyo yenye maringo. Joto likipita nyuzi 30 mbegu yake inagoma kuota, na Februari yetu mnaijua. Ifungeni kwenye kitambaa kibichi, ikae ndani ya friji siku 2 au 3, kisha sieni jioni kivulini. Msiifukie, inyunyizieni udongo kiduchu tu, kwani inataka mwanga ili iote. Karoti msijisumbue nayo kwenye trei. Ukiihamisha mzizi unapinda au unagawanyika. Isieni pale pale itakapokulia.

Wiki ya mwisho punguzeni maji, miche ikizoeshwa jua kidogo kidogo. Kuatika ni jioni. Nyanya izikeni mpaka karibu na majani ya chini, shina lililofukiwa litatoa mizizi. Saladi kinyume chake: kitovu, pale katikati majani yanapochipukia, kibaki juu ya udongo, kikifukiwa kinaoza.

Haya, maswali.