Skii moja badala ya mbili: kujenga pikipiki ya theluji kutoka kwenye snoumobili iliyogonga

Mwangaluka, watu wa Mwanza! Na walioko Sengerema, Ukerewe na Musoma, karibuni sana. Leo nawaletea kazi ya gereji kutoka huku kaskazini mwa Minnesota, Marekani, na naileta kwa sababu mafundi wa huko nyumbani wanauliza swali la maana: snoumobili, yaani mashine ya kutembelea theluji inayosukumwa na mkanda wa mpira nyuma, ina skii mbili mbele, zile mbao za kutelezea, sasa ukitoa zote mbili ukafunga moja katikati, si kazi imekwisha?

Bado, ndugu zangu. Skii mbili zinaisimamisha mashine kama bajaji. Skii moja inataka mashine ilale kwenye kona kama bodaboda. Hilo la kulala ndilo linaloamua utakate nini na uache nini.

Tafuta mashine iliyogonga mti au jiwe kwa mbele. Skii, mikono yake na shokapu za mbele utavitoa vyote, kwa hiyo vikiwa vimekunjika huna hasara. Unachonunua ni injini na taneli, yaani lile boksi refu la alumini linalofunika mkanda wa mpira kwa nyuma. Pima taneli kwa futi, kona kwa kona, kama unavyopima msingi wa nyumba. Mistari miwili ya msalaba isipolingana, boksi limepinda, na mkanda utasaga ubavu mmoja hadi ukatike. Kompresheni ya silinda zote isipishane zaidi ya asilimia 10. Na hati za umiliki uzione kwa macho yako kabla hujatoa hela.

Mkanda wa mpira ndio kazi kubwa. Wa kawaida una upana wa inchi 15, milimita 381. Unasimama vizuri, lakini haukubali kulala: ukiinamisha mashine, ukingo wa mkanda unainyanyua nzima, na dereva anashindana nayo kila kona. Pikipiki za theluji hutumia mkanda wa inchi 10 hadi 12. Wapo wanaochukua kisu wakapunguza kingo za ule mpana, na mimi sikushauri. Ndani ya mpira kuna fimbo za faiba zilizolala kwa upana. Ukizikata, ncha zinabaki wazi, maji yanaingia, nyuzi zinaanza kufumuka. Nunua mwembamba. Ila uangalie hatua yake, yaani umbali wa jino hadi jino. Iliyozoeleka ni milimita 64, na mkanda wenye urefu wa inchi 121 una hatua 48. Sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha mkanda, ikiwa ya milimita 64 haiendeshi mkanda wa milimita 76, hata ukiukaza vipi.

Mkanda ukipungua, taneli nalo linapunguzwa: unakata katikati kwa urefu, unatoa kipande, unalaza bati juu ya bati, unapiga ribiti mistari miwili. Usichomelee. Bati ni jembamba, linatoboka, na pale lilipopata moto linalegea. Shafti ya kuendesha mkanda na ile ya juu yake zinafupishwa kwa kipimo kilekile, na unakata upande usio na meno, kisha mtu wa lethi anachonga upya kikalio cha beringi. Ukikata upande wa meno umeharibu shafti.

Kuna sehemu moja naomba isiguswe. Aliyewahi kufungua skuta anaifahamu: puli mbili na beliti katikati, bila gia za kubadili. Umbali kati ya puli na mkao wake ubavuni vimepangwa kiwandani kwa milimita. Kwa hiyo injini, pleti inayoishika na shafti ya puli ya nyuma zihamishwe pamoja kama kitu kimoja. Ukikosea, utafungua kifuniko ukute unga mweusi umejaa na beliti imeliwa ukingo mmoja, inanuka mpira ulioungua. Na kifuniko kirudi kila mara, maana beliti ikikatika kwa kasi inaruka kama mjeledi.

Mbele unajenga fremu ya bomba za chuma, unaifunga kwenye taneli kwa pleti na boliti, halafu foki ya pikipiki ya motokrosi. Chuma kinapokutana na alumini paka rangi kwanza, la sivyo unyevu utaila alumini. Skii yenyewe wajenzi wa mitumbwi mtaielewa upesi: ni pana ili ielee, pua imepinda juu, na chini ina mkuku unaoshika njia. Chukua uzi, ufuatishe mstari wa stelingi hadi chini. Lazima uguse mbele ya boliti ya skii. Ukigusa nyuma yake, usukani utacheza na skii itataka kugeuka yenyewe. Usisahau kipande cha mpira kati ya foki na skii, kinachoinua pua. Bila hicho pua inazama kwenye theluji laini na dereva anapita juu ya usukani.

Kabla ya rangi, ilaze mashine nyuzi 45 hapo hapo gereji uone kinachogusa sakafu kwanza. Kikiwa kifuniko cha puli, pandisha injini.

Mmeuliza kama inaweza kukimbia mchangani kule ziwani. Hapana. Mkanda unateleza juu ya reli za plastiki, na theluji ndiyo inayozipoza na kuzilainisha. Hata injini inayopozwa kwa maji hutegemea theluji inayorushwa chini ya taneli. Huku kwenyewe, kwenye barafu ngumu isiyo na theluji, plastiki huyeyuka na injini huchemka.

Funga kamba ya kuzimia injini mkononi, ileile ya injini za boti pale Kirumba. Jaribio la kwanza nyanyua nyuma kwenye stendi imara, zungusha polepole. Mkanda ukihamia kushoto, kaza boliti ya kukazia mkanda ya kushoto robo mzunguko, utazame tena. Mkanda ukigonga-gonga, ujue unaruka meno kwa sababu umelegea. Na mtu yeyote asisimame nyuma yake wakati unazunguka, hata kwa dakika moja ya kupiga picha.