Kibodi ya Kijerumani au ya Kimarekani? Najibu mara moja

Jamani, kila video ni swali lile lile: "Kaka, ukiwa Ujerumani unaagiza kibodi ya kuunda mwenyewe ya umbo gani, la Kijerumani au la Kimarekani?" Haya, leo najibu. Na wewe unayejiandaa kuandika kwamba tunaringa na kibodi za mamia ya euro, tulia. Wala silalamiki. Mmeuliza wenyewe.

Herufi inayotokea kwenye skrini inaamuliwa na kompyuta. Kibodi inatuma namba ya kitufe tu, kwa hiyo ukiweka mpangilio wa herufi wa Kijerumani kwenye Windows, kitufe kilichoandikwa Y kwenye kibodi ya Kimarekani kinatoa Z. Hilo unalibadilisha bure. Umbo la vitufe vyenyewe ndilo hulibadilishi, na yako mawili: ANSI na ISO. ANSI ya Kimarekani ina enta ya kulala na shifti ya kushoto ndefu, 2.25u, yaani upana wa vitufe viwili na robo vya herufi. ISO ya Ulaya ina enta iliyosimama, shifti ni 1.25u, na pembeni yake kuna kitufe cha ziada. Kwa Wajerumani ndicho cha < na >.

Hapo ndipo hela inapotea. Bodi ni ile sakiti ya ndani, na swichi ni kile kidude kilicho chini ya kila kitufe. Bodi za kuchomeka swichi bila kulehemu, nyingi soketi zake ni za umbo moja tu. Bodi za kulehemu mara nyingi zinakubali yote mawili, ila tazama na bamba la juu linaloshika swichi: la ANSI halina tundu la kile kitufe cha ziada.

Halafu kofia za vitufe. Seti ya msingi kwa kawaida ni ANSI. Enta ya ISO na Ä, Ö, Ü zinakuja kwenye nyongeza iitwayo NorDeUK, yaani ya nchi za Nordiki, Ujerumani na Uingereza, unailipia kando. Usijidanganye kwamba utahamisha tu kofia za Z na Y. Kwenye kofia za mtindo wa Cherry kila mstari wa vitufe una kimo na mwinamo wake. Ukizibadilisha, moja inachomoza, nyingine inazama, kidole kinajikwaa siku nzima. Labda ununue kofia za mtindo wa DSA, ambazo ziko sawa mistari yote.

Forodha sasa. Mzigo unaoingia Ujerumani kutoka nje ya Umoja wa Ulaya unalipiwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 19, na nauli inahesabiwa humo. Kibodi euro 200, nauli 30: unaongeza 43.70. Kama muuzaji hakuikata mwanzoni, msafirishaji naye anadai ada yake. Weka ankara karibu, la sivyo utamweleza afisa kwa nini plastiki tupu zina bei hiyo.

Na Kiswahili chetu? Wengi mnachagua mpangilio wa Windows uitwao US-International ili mpate ö na ß, kisha mnaandika ng'ombe inatoka "ngómbe". Kitufe cha ' pale kinangoja irabu. Bonyeza nafasi baada yake, au weka US ya kawaida kwa Kiswahili na ubadilishe kwa Windows na nafasi. Kwenye Linux chagua ile International ya AltGr: ' inabaki ', na AltGr (Alt ya kulia) pamoja na P inatoa ö. Wenye mpangilio wa Kijerumani, ' ni Shifti na #, siyo kile cha ´ karibu na cha kufutia.

Mimi nachukua ANSI na mpangilio wa Kimarekani, kwa sababu kwenye ule wa Kijerumani { ni AltGr+7 na mkono unachoka. Ni mimi huyo. Kama kompyuta ya kazini imefungwa, huruhusiwi kubadilisha mpangilio, chukua ISO ya Kijerumani na uagize NorDeUK siku hiyo hiyo na seti ya msingi. Nyongeza hizo zikiisha dukani, kuipata peke yake baadaye ni kazi.