Kuvuruga msimbo: mwizi wa apu hasomi, anabeba nzima

(Mazungumzo na vijana wa kompyuta, Mwanga, Kigoma)

Haya wale wa nyuma sogeeni, feni inayofanya kazi ni hii ya huku mbele. Nimeambiwa niongelee kulinda msimbo, yaani code, usiibiwe, na najua kuna waliokuja wakitaka niwatajie programu moja waiendeshe halafu wakalale, hiyo mimi sina.

Tuseme mmoja wenu katengeneza apu ya wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, mtu anaingiza magunia, bei ya leo, nani kabeba kwa mkopo, apu inapiga hesabu. Ukiijenga unapata APK, lile faili la kusakinisha apu kwenye Android. Sasa APK jamani ni zipu tu, ndani kuna classes.dex, ndo msimbo wako uliotafsiriwa kwa ajili ya simu, na kuna programu ya bure inaitwa jadx, ukiilisha hiyo inakurudishia Java inayosomeka. Maelezo uliyoandika pembeni yamepotea ndio, ila majina yote yapo, hesabuDeni, beiYaGunia, mtu anasoma kama gazeti.

Hapo ndo kuvuruga kunapoingia, yaani kuufanya msimbo usisomeke kirahisi ila ufanye kazi ile ile. Kwa Android ipo R8, kivurugio kilichoshika nafasi ya kile cha zamani ProGuard 2019, unawasha minifyEnabled tu kwenye mipangilio ya kujenga apu, hesabuDeni inakuwa a, beiYaGunia inakuwa b, na msimbo usiotumika unatupwa so apu inapungua ukubwa, na kwa mteja anayejiunga bando la siku mimi naona hiyo ni faida kuliko hata ulinzi wenyewe. Faili la mapping.txt, linaloonyesha a ilikuwa jina gani, litunze kwa kila toleo, bila hilo apu ikianguka kwa mteja ripoti inakuja imejaa a, b, c hujui pa kuanzia.

Lakini R8 haifichi maandishi yaliyo ndani ya nukuu! Umeweka ufunguo wa malipo ya simu humo, yaani neno la siri la kuingilia kwa watu wa malipo, darasa (class) limeshaitwa c, ufunguo wako upo pale pale mzima unang'aa. Mwizi haelewi chochote na wala hana haja, anatafuta neno "secret" kamaliza kazi. Huo ufunguo ukae kwenye seva, apu iiombe seva, seva ndo iongee na watu wa malipo.

Na huu mchezo ni wa zamani. 1996 Java ikiwa bado changa Hanpeter van Vliet alitoa Mocha ya kuirudisha isomeke, halafu huyo huyo akatoa Crema ya kuivuruga 😀 Na 2001 wanasayansi wa kompyuta, Boaz Barak na wenzake, walithibitisha kwa hesabu kwamba hakuna kivurugio kimoja kinachoweza kuficha kila kitu kwa kila programu. Kwa hiyo akikuuzia mtu "haivunjiki" mwache aende zake.

Sasa mimi naona wizi wa huku kwetu wala sio wa kusoma. Jamaa anachukua APK yako nzima, anabadili logo na jina, anaisaini upya kwa ufunguo wake, anaisambaza WhatsApp. Majina yakiwa a na b yanamzuia nini? Kinachomsumbua ni kile ambacho hakimo kwenye APK, yaani akaunti za wateja, bei za kila siku, kuhifadhi data. Vitu hivyo viweke kwenye seva.

Mtaniambia mtu yuko Kalya huko mwambao wa ziwa, mtandao umekata, na deni la leo lazima liandikwe. Kweli kabisa, so kuandika kufanyike bila mtandao, ila leseni itoke kwenye seva, imesainiwa, iishe baada ya mwezi mmoja au miwili hivi, apu inakagua saini kwa ufunguo wa wazi, ule wa siri wa kusaini unabaki kwako. Anaweza akaing'oa hiyo sehemu? Anaweza, na hapo ndo R8 inakusaidia kidogo maana lazima aitafute kwanza kwenye msitu wa a na b, na akishaing'oa bado bei za kesho hapati.

Wa wavuti, msisahau kufuta mafaili ya .map kwenye seva, yale yanayorudisha msimbo uliobanwa kuwa wa asili, mnabana JavaScript halafu mnaacha ya asili kando yake. PHP haina shida, inabaki kwenye seva.

Sheria ipo, ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitaja programu za kompyuta, kwa hiyo historia yako ya Git, ile rekodi ya kila badiliko la msimbo, itunze, ndo ushahidi wa nani alianza.

Haya, nani ana APK yake kwenye flashi, alete tuifungue hapa kwenye skrini, tuanze na kutafuta "secret".