Msiba wa Mtu Mmoja kwa Jina la Bendi

Ndugu zangu, habari za jioni. Februari 1944, askari wa Uingereza, Eric Fletcher Waters, aliuawa Anzio, Italia. Mwanawe Roger alikuwa na miezi mitano. Miaka 39 baadaye, Machi 1983, Pink Floyd, bendi ya Roger huyo iliyotokea London miaka ya 1960 na roki ya saikedeliki, yaani ya milio ya kindoto, ilitoa The Final Cut, albamu nzima ikiwa imetolewa wakfu kwa baba huyo.

Wahakiki walipishana kama mbingu na ardhi. Kurt Loder wa jarida la Rolling Stone aliipa nyota 5, akaiona kilele cha roki ya kisanaa. Gazeti la muziki la Melody Maker la Uingereza likasema imeweka historia kwa ubovu. Albamu ileile! Wanunuzi hawakungoja wakubaliane: huko Uingereza albamu ilishika namba 1, Marekani namba 6.

Walikuwa wanagombania nini hasa? Someni jalada: maombolezo ya ndoto ya baada ya vita, mtunzi Roger Waters, wapigaji Pink Floyd. Nyimbo zote ni zake. Mpiga kinanda Richard Wright alishaondolewa. David Gilmour anaongoza kuimba wimbo mmoja tu, na gitaa lake, ambalo wengi wetu ndilo lililotufikisha kwa Pink Floyd, linajitokeza kwa nadra. Gilmour mwenyewe alilalamika kwamba baadhi ya nyimbo ni masalio ya The Wall, albamu yao iliyotangulia: kama hazikufaa 1979, zimefaaje sasa? Swali la haki kabisa. Mhakiki aliyelirudia hakumwonea mtu.

Ila nasikitika anapokuja mwingine akasema humu hamna muziki, ni manung'uniko matupu. Huyo alikuja kwenye matanga akitarajia ngoma ya harusi. Mwaka uliotangulia Uingereza ilikuwa imepigana na Argentina kugombea visiwa vya Falkland. Meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, ikazamishwa, wakafa watu 323. Waters anaigusia meli hiyo ndani ya albamu, anamtaja na Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, bila kumung'unya maneno. Kilio cha baba wa 1944 kikakutana na vifo vya juzijuzi.

Sasa chukueni The Gunner's Dream, ndoto ya mpiga bunduki wa ndege ya vita anayeanguka kutoka angani. Katikati ya wimbo Waters anavuta neno moja mpaka linageuka yowe, na papo hapo saksafoni ya Raphael Ravenscroft inalipokea. Hujui koo limeishia wapi na ala imeanzia wapi. Kina mama hupokezana kilio msibani vivyo hivyo: pumzi ya mmoja ikikatika, mwenzake anashika palepale, sauti isianguke chini. Nimeusikiliza kwa miaka mingi na mahali hapo bado pananisimamisha nywele.

Namwomba fundi mitambo atuwekee. Tafadhali tuzime simu.