Sikio kwanza, kamera mwisho: kutoka na ndege wa machipuko

Wazee wangu shikamooni, vijana wenzangu mambo vipi, asanteni kwa kunipa hii nafasi. Nimeombwa niongelee kutoka asubuhi kwenda kuangalia ndege wa porini na kuwapiga picha, na nimeamua niache mwaka mzima nibaki na machipuko tu, ile Machi mpaka Mei kule kaskazini ya dunia ambako baridi inaisha na miti inaanza kutoa majani, maana kwa mtu anayependa ndege hicho ndo kipindi chenyewe. Na ninachotaka kusema ni kimoja, nitakirudia mpaka mchoke: tumia sikio kwanza, alafu jicho, kamera iwe ya mwisho. Vijana wengi tunaanza kinyume, tunaanza na kamera, tunamkimbilia ndege, anaruka, tunarudi na picha za matawi.

Sasa kwa nini machipuko. Ndege hangoji joto lije ndo aanze mambo yake, anachofuata zaidi ni urefu wa mchana, na hapimi kwa macho peke yake, ana seli za kuhisi mwanga ndani kabisa ya ubongo, mwanga unapenya fuvu unazifikia. Aisee mimi kila nikilifikiria hilo nashangaa upya. Siku zikirefuka homoni zinapanda na dume anaanza kuimba, na hapo anawaambia madume wenzake hapa pana mwenyewe, na majike anawaambia niko hapa njooni. Kwa hiyo yule ndege ambaye baridi yote alikuwa kimya kichakani sasa anapanda tawi la juu anajitokeza mwenyewe. Na mwanzoni mwa msimu majani bado, matawi ni matupu, unamwona wazi kabisa. Ukisubiri mpaka mwisho wa Mei majani yameshafunga, utasikia sauti tu.

Fika kabla jua halijachomoza. Hii siyo amri ya kuwatesa watu wanaopenda kulala, ni kwamba alfajiri mwanga bado hautoshi kutafuta wadudu, upepo mara nyingi umetulia na sauti inasafiri vizuri, kwa hiyo ndege wanautumia ule muda kuimba, wote kwa pamoja. Ukifika simama. Usitoe kitu kwenye begi. Sikiliza tu, jaribu kutenganisha sauti moja moja, huyu yuko kushoto juu, yule yuko chini karibu na maji, yule mwingine anajibiwa na mwenzake ng'ambo. Na hapa ndipo mpiga picha anapofaidika, maana dume mwenye eneo lake ana matawi anayopenda kuimbia, anazunguka anarudi palepale. Ukishalijua tawi lake huna haja ya kumfukuza, kaa mbali kidogo, jua likiwa mgongoni kwako, tulia, atarudi. Picha nzuri nilizonazo mimi karibu zote zimepatikana hivo, kwa kukaa.

Kuhusu sikio nina mfano ninaoupenda sana. Kuna ndege wawili wadogo, mmoja kitaalamu ni Phylloscopus trochilus na mwenzake Phylloscopus collybita, wote rangi ya kijani kilichofifia na njano kwa mbali, wote hawatulii kwenye majani, ukiwaweka picha mbili pembeni mtu mzima mwenye uzoefu anakuna kichwa. Lakini wakifungua mdomo hakuna utata hata kidogo, trochilus wimbo wake unaanza juu unateremka taratibu mpaka unaishia chini, collybita ana noti mbili tu anazirudia rudia kama mtu anayegonga chuma. Zamani watu waliwachanganya, mpaka kasisi mmoja wa Uingereza, Gilbert White, mwaka 1768 akaandika kwamba ameshahakikisha ni ndege watatu tofauti, hawa wawili na ndugu yao mwingine, na nyimbo zao ndizo zilizomwongoza. Hana kamera, hana lenzi, ana masikio na uvumilivu.

Kamera hapo inakuja kuthibitisha. Piga picha ya pembeni, angalia miguu, collybita kawaida miguu yake ni myeusi, trochilus ni ya rangi nyepesi, alafu angalia ncha ya bawa likiwa limekunjwa. Ya trochilus ni ndefu zaidi, na sababu ipo, yeye anasafiri mpaka kusini mwa Sahara, wengine wanafika mpaka Afrika Kusini, kiumbe cha gramu kama 9 hivi, wakati collybita wengi wanaishia nchi za Mediterania. Yaani safari nzima unaisoma kwenye bawa!

Jicho sasa, yaani darubini. Watu wananiuliza namba, 8x42 ni nini, ya kwanza ni mara ngapi inakuza na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, hiyo ya pili ndo inakusanya mwanga, alfajiri utaihitaji. Kwa anayeanza mi nasema 8 inatosha, 10 inakuza zaidi ila na mtikisiko wa mkono nao unakuzwa na eneo unaloliona linakuwa dogo. Na ukimwona ndege usiondoe macho kwake kutafuta darubini, mkazie macho hivohivo alafu uinue darubini mpaka kwenye macho, utamkuta palepale.

Kamera nitapita haraka maana kila mtu ana yake. Ndege aliyetulia jaribu kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie, kuanzia 1/500 ya sekunde, anayeruka anza 1/2000, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, usiogope kuipandisha, picha yenye chembechembe ina faida kuliko picha iliyotikisika. Fokasi iwe kwenye jicho, jicho likiwa kali picha inaishi. Na shuka chini, lala kabisa kama ni ndege wa ufukweni, ukimpiga kutoka juu anakuwa mdogo na wa kusikitisha.

Ila kuna vitu viwili nitavisema kwa ukali kidogo mnisamehe. Kwanza kiota. Machipuko ni msimu wa mayai, na mzazi akikuona umesimama hapo harudi, mayai yanapoa, na njia uliyoikanyaga kwenye majani paka au kunguru anaweza kuifuata. Hakuna picha yenye thamani hiyo. Ukigundua umekaribia kiota ondoka, na usiposti mahali kilipo. Pili ni kucheza wimbo wa ndege kwenye simu ili dume ajitokeze. Anajitokeza kweli, maana anadhani kaingia mpinzani, anaacha kula anaacha jike lake anapigana na spika, alafu wewe ukiondoka anakuja mwingine na simu yake. Mi naona huo ni uonevu, na aliyekaa akasikiliza vizuri wala hauhitaji.

Alafu andikeni. Tarehe, mahali, ndege gani, alikuwa anafanya nini. Robert Marsham, mwenye shamba huko Norfolk, Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika dalili za machipuko, lini mbayuwayu wa kwanza kaonekana, lini jani la kwanza limetoka, na ukoo wake ukaendelea mpaka 1958, leo wanasayansi wanazitumia zile daftari kuona majira yanavyosogea. Enzi zake hata wasomi waliamini mbayuwayu wakati wa baridi wanajificha kwenye matope. Mpaka yakaja mambo ya kuwavisha pete yenye namba mguuni, Mdenmark Hans Christian Mortensen alianza na pete za alumini kwa kwezi mwaka 1899, alafu mwezi Mei 1911 mbayuwayu mmoja akavishwa pete Staffordshire, Uingereza, na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Pete moja, watu wawili walioandika tarehe, na swali la miaka mingi likapata jibu. Siku hizi kuna pete za rangi zenye herufi kubwa, ukiwa na picha safi ya mguu wa korongo unaisoma bila kumshika, ukaripoti, ukajua alikovishwa. Kwa hiyo hata picha mbaya ya mguu usiifute kabla hujaikuza ukaiangalia.

Mwisho wa msimu mtakutana na makinda chini, wenye manyoya nusu nusu, wanaruka ruka hovyo, na huruma itawashika mtataka kuwabeba nyumbani. Wengi hawajapotea, wametoka kiotani kabla hawajaweza kuruka vizuri na wazazi wako karibu wanangoja wewe uondoke wamlishe. Kama yuko barabarani msogeze kwenye kichaka cha jirani, ile habari kwamba mama atamkataa kwa sababu umemgusa siyo kweli, alafu rudi nyuma mbali, usikilize. Mara nyingi utamsikia mzazi akiita kabla hujamwona.

Haya, maswali sasa, nimeona dada pale nyuma ameinua mkono muda mrefu, tuanze na wewe.