Jinsi ya kuziba tundu la kupenyeza amri kwenye systeminformation

Karibu. Fungua terminali kabisa, tufanye pamoja. Leo tunashughulikia mradi wa Node.js (mazingira ya kuendeshea JavaScript kwenye seva) unaotumia systeminformation, maktaba huria inayokusomea habari za mashine: prosesa, memori, huduma zinazoendeshwa. Februari 2021 ilitangazwa kuwa ina tundu, CVE-2021-21315 (namba yake kwenye orodha ya umma ya matundu ya usalama), linalomwezesha mtu wa nje kupenyeza amri zake ndani ya seva. Lilizibwa katika toleo la 5.3.1. Utasema ni habari ya zamani. Ni kweli, ila mradi uliosahaulika kwenye seva haujui mwaka.

Usisasishe kitu kwanza. Tumia npm, chombo cha kusimamia vifurushi vya Node. Andika: npm ls systeminformation

Umeuona huu mti? Kwangu maktaba imetokea mara mbili. Moja niliisakinisha mwenyewe, nyingine imeingia ikiwa imebebwa na kifurushi kingine. Hiyo ya pili ndiyo watu huipita, kwa sababu hawakuiita wao.

Kabla ya kuziba, tulitazame tundu lenyewe. Ukiiuliza maktaba hali ya huduma fulani, hutunga amri ya sheli na kulitia jina uliloipa humo ndani. Watunzaji wake waliiona hatari hiyo mapema, wakaweka chujio linalopita herufi moja moja na kutupa alama mbaya kama $ na nukta mkato. Sasa lipe chujio hilo orodha badala ya neno. Litapita kipengele kimoja kimoja, na kipengele kizima chenye amri ndani yake hakifanani na alama yoyote iliyokatazwa. Mlinzi anapekua mifuko huku gunia linapita mlangoni! Na orodha hiyo haihitaji ufundi: katika Express 4, mfumo wa kujengea seva za wavuti kwa Node, kwa mipangilio yake ya kawaida, anwani yenye jina[]= hugeuzwa kuwa orodha bila wewe kuulizwa.

Kwa hiyo tafuta kwenye msimbo wako mahali panapoitwa inetLatency, inetChecksite, services au processLoad. Kama thamani inayoingia humo inatoka kwa mtumiaji, uko hatarini. Kama umeiandika mwenyewe, pumua, lakini endelea kutazama.

Sasa sasisha: npm install systeminformation@latest

Usiishie 5.3.1. Tundu jingine la jamaa hiyohiyo, CVE-2023-42810, lilikuja kwenye majina ya mitandao ya Wi-Fi, likazibwa katika 5.21.7. Na tafadhali, usikimbilie npm audit fix --force. Inaweza kurusha vifurushi vingine hadi matoleo makubwa mapya, ukashinda siku nzima ukitengeneza kilichokuwa kizima.

Ile nakala ya pili tunaishika kwa package.json. Ongeza sehemu ya overrides, inafanya kazi kuanzia npm 8.3:

"overrides": { "systeminformation": "$systeminformation" }

Alama ya dola hapo inamaanisha ifuate toleo uliloliweka wewe. Kama kifurushi kilichoibeba kilitaka toleo la 4, kinaweza kugoma, basi endesha majaribio yako yote kabla ya kwenda mbele.

Kisha weka kizuizi chako mwenyewe kabla ya kuita maktaba:

if (typeof jina !== 'string') return res.status(400).end();

Mstari mmoja tu, na ungetosha kulizuia tundu la 2021 hata kwenye toleo bovu.

Peleka kwenye seva: npm ci, jenga upya imeji ya kontena, halafu anzisha upya mchakato. Hili la mwisho lisikuponyoke. Node inayoendelea kukimbia bado imeshika msimbo wa zamani kwenye memori, hata kama mafaili yamebadilika. Rudia npm ls, kisha jaribu, ukiweka bandari na njia ya programu yako:

curl -g -i 'localhost:3000/huduma?jina[]=nginx'

Tunataka 400, yaani ombi limekataliwa. Umepata 200, yaani limekubaliwa? Kizuizi chako hakijafika huko.

Bado logi. Tafuta [] na %5B%5D, kisha $( na %24%28, kwenye maombi ya njia zile tulizozipata. Ukikuta amri humo, ihesabu seva kuwa imeshachukuliwa. Ukiwa kwenye mashine nyingine, badilisha nywila za hifadhidata, tokeni na funguo zote zilizokuwa ndani yake. Na kama programu ilikuwa inaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye mashine, usihangaike kusafisha: futa seva, ijenge upya.